Sentimita Mbili

Weupe ulikuwa umekaa pabaya. Mpimaji aliinua chupa, akaizungusha mbele ya taa, akaiweka tena mezani na kuifuta kwa kitambaa kana kwamba uchafu wa kioo ndio uliokuwa ukimdanganya. Kioo kilikuwa safi. Akachukua rula, akapima kutoka kitako cha chupa, akaandika. Akapima mara ya pili, na ya tatu. Namba haikuona haya, ilirudi ile ile.

Hospitali nzima ilimwita Mama Jeli, na wengi waliomwita hivyo hawakujua jeli yenyewe ni ya nini. Walichojua ni kwamba kila baada ya miezi kadhaa mwanamke huyu hujifungia kwenye kijichumba cha mwisho wa korido, amevaa glavu na miwani, akikoroga sufuria. Wauguzi walipita wakimuuliza itapakuliwa saa ngapi. Hakuwa na muda wa kuwaeleza. Jeli ile ikishaganda huwa angavu kama maji. Ikipigwa na mionzi hugeuka nyeupe pale tu ilipopigwa, kama ute wa yai unavyogeuka ukikutana na moto, na mionzi ikiwa mikali zaidi, weupe nao huwa mzito zaidi. Mtu akitaka kujua mashine inapeleka mionzi wapi hasa ndani ya mwili wa mwanamke, hawezi kumfungua mwanamke akachungulia. Anachukua chupa ya jeli.

Mashine ilikuwa ya wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi. Mgonjwa huwekewa bomba jembamba la chuma, bomba likaunganishwa na mashine kwa mrija, watu wote wakatoka chumbani. Kisha mashine husukuma punje moja ya mionzi iliyo kwenye ncha ya waya, ikapita mrijani, ikaingia bombani na kusimama kwenye ncha, karibu na ugonjwa, kwa dakika chache. Jana yake, baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka, Mama Jeli alikuwa ametumbukiza bomba la aina ile ile ndani ya chupa, ncha ikielekea chini, akaiamuru mashine iifanyie jeli kile kile inachowafanyia wanawake. Weupe ulipaswa kuizunguka ncha kule chini. Haukuizunguka. Ulikuwa umepanda sentimita mbili juu yake, umejikalia karibu na shingo ya chupa, na ncha ya bomba ilikuwa imezama kwenye jeli angavu isiyoguswa na kitu.

Sentimita mbili ni upana wa kidole gumba. Fundi wa milango akikosea kiasi hicho, anapiga randa na maisha yanaendelea. Ndani ya mwanamke, ambamo ncha huelekea juu, ni tofauti kati ya kuuchoma ugonjwa na kuchoma nyama nzima iliyo chini yake, huku ugonjwa ukiendelea na shughuli zake.

Kabla hajaifikiria mashine, kabla hajamfikiria Mkuu wa Kitengo, Mama Jeli alimfikiria mama yake mdogo, aliyemlea tangu ana miaka sita, na ambaye alikuwa ameshalala kwenye kitanda kile mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa keshokutwa, Ijumaa. Akakumbuka kwamba wiki iliyopita mama huyo, akiwa amekaa kwenye kochi kwa tako moja, alimwambia: "Mwanangu, panaungua chini. Si huko ndani wanakosema. Chini." Naye, bila hata kuinua macho kwenye simu, alimjibu kwamba ni kawaida.

Mkuu wa Kitengo hakuitazama chupa. Alisoma daftari la vipimo, ukurasa mmoja, akarudi juu akausoma tena.

"Chupa ililala wapi kabla ya kipimo?"

"Kwangu nyumbani, kwenye friji."

"Kwa nini ilale kwako?"

"Friji ya maabara ilijazwa soda za wageni wa wizara. Niliambiwa nitoe vitu vyangu."

"Hapa umeandika," alisema Mkuu, akiweka kidole kwenye mstari, "'Chupa ilifunguliwa nyumbani, kama dakika moja, na mtu asiyehusika.' Mtu gani?"

"Mama yangu mdogo. Alikuwa mpishi wa shule miaka ishirini na sita. Aliona jeli kwenye friji, akataka kujua kama imeshika. Akafungua, akainamisha, akanusa, akafunga."

"Hakuonja?"

"Hakuonja."

Mkuu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha hapa, hewa ikiingia kwenye jeli, jeli haigeuki tena. Sasa unaniletea chupa iliyofunguliwa jikoni, imenuswa na mpishi, unataka nifunge mashine ya hospitali."

"Hewa huingilia mdomoni, Mkuu. Mdomoni ndiko kwenye weupe. Kitako, ambako hewa haikufika, ndicho kitupu. Ingekuwa hewa, ingekuwa kinyume."

Mkuu alilijua hilo. Alilijua kabla Mama Jeli hajamaliza kulisema, kwa maana alikuwa amesomeshwa miaka mitano kulijua, kwa kodi za watu ambao hawatasomeshwa hata mwezi. Alifunga daftari.

"Mirija mipya ya kuunganishia ilikuja wiki sita zilizopita," Mama Jeli aliendelea. "Kanuni inasema kifaa kikibadilishwa, kipimwe kabla ya mgonjwa wa kwanza. Niliomba siku moja tu. Ukasema wageni wamekuja kuona mgonjwa, hawakuja kuona chupa."

"Nilisema hivyo mimi?"

"Mbele ya watu."

"Basi rudia kipimo mwezi ujao, kwa jeli iliyolala mahali pa heshima."

"Ijumaa kuna wagonjwa saba."

"Na kwenye foleni kuna themanini," Mkuu alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Nikifunga mashine hii utawapeleka wapi? Kwenye friji yako?"

Swali hilo la mwisho lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana alilitumia. Uongo mtupu haufiki mbali, lazima ubebwe na kitu.

Mama Jeli hakurudi kwenye kijichumba chake. Alikwenda stoo ya vifaa, akapekua maboksi mpaka akaupata mrija mmoja wa zamani, umezungushiwa gazeti. Akaingia nao kwenye chumba cha mashine saa ya mapumziko, akachomoa mmoja wa mipya, akailaza miwili sambamba sakafuni, ncha kwa ncha. Mpya ulizidi. Akapiga magoti na rula yake kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka. Sentimita mbili kamili.

Ndiyo hivyo tu. Watu hufikiri maafa hutokana na mambo makubwa. Aliyetuma mirija alituma mirefu kidogo, aliyeipokea akasaini bila kuipima, na kompyuta iliendelea kuhesabu njia ya zamani. Waya ulikwenda umbali ulioambiwa, ukasimama kwa utiifu sentimita mbili kabla ya kufika. Mashine haikukosea. Mashine haijawahi kupokea wageni.

Alifungua rejista, akahesabu wanawake waliolala pale tangu mirija ibadilishwe. Thelathini na mmoja. Tisa kati yao walikuwa wamemaliza mara zote nne, na kwenye kadi zao iligongwa AMEMALIZA kwa wino wa bluu. Akaandika ripoti ya ukurasa mmoja, akaisukuma chini ya mlango wa Mkuu uliokuwa umefungwa.

Jioni hiyo alimwonyesha mumewe mchoro wa chupa kwenye karatasi. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba cha mbele kilichojaa vitambaa vya watu na ahadi za kesho. Aliusogeza mchoro karibu na macho.

"Huyu bosi wako anasema jeli imeharibika, ndiyo maana weupe umepungua?"

"Ndiyo."

"Lakini haujapungua. Urefu wake si ule ule unaotakiwa?"

"Ni ule ule."

"Basi anakufanya mtoto. Nikimkatia mteja suruali fupi, urefu unapungua. Huyu suruali yake iko kamili, kaivalia kifuani." Alirudisha karatasi. "Umemwambia mama?"

"Bado."

"Usimwambie ukiwa umesimama. Anajua mtu aliyesimama ana mpango wa kukimbia."

Hakumwambia. Mama mdogo alikuwa uani, amekalia beseni la maji ya uvuguvugu, akijifanya anaosha miguu.

Alhamisi asubuhi Mkuu wa Kitengo alimwita mwenyewe, akamvutia kiti, akamuuliza habari za nyumbani. Upole wake ulimtisha Mama Jeli kuliko ukali wa jana.

"Umeshapita chumba cha mashine leo?"

"Bado."

"Ukipita utaona kompyuta imewekwa urefu mpya wa mirija. Nimekuja mapema, nimeuweka mwenyewe. Kwa hiyo tatizo hakuna."

Mama Jeli alihisi mabega yakilegea, kisha akili ikayafikia mabega. "Na ule mrija wa zamani nilioacha juu ya meza?"

"Takataka zimetolewa."

"Na wale thelathini na mmoja?"

"Yaliyopita si ndwele," alisema Mkuu.

Hakuumalizia msemo, watu wa aina yake huona nusu inatosha. Alifungua faili. Lilikuwa faili la mama mdogo. Alikuwa ameliweka pale tayari, kabla ya kiti, kabla ya habari za nyumbani.

"Mgonjwa wako amepata mara mbili, zimebaki mbili. Kwa karatasi zilivyo, akimaliza hizo anaandikiwa amemaliza. Sasa mimi na wewe tunajua mbili za kwanza zilikwenda wapi. Atakuwa amepata nusu ya dawa. Nusu ya dawa kwa ugonjwa ule, sina haja ya kukueleza." Aligeuza ukurasa. "Daktari anaweza kumwongezea mbili. Daktari akiongeza, haulizwi. Nikimwomba, ataongeza."

"Na wengine?"

"Wengine hawana mtoto anayefanya kazi hapa."

Alimsogezea karatasi. Ilikuwa imeshachapwa. Ilisema kipimo cha Jumanne kimefutwa kwa kuwa jeli iliharibika, baada ya kufunguliwa nyumbani kwa mpimaji na ndugu yake ambaye pia ni mgonjwa wa kitengo, na kwamba mpimaji anakiri uzembe. Chini kulikuwa na mstari mtupu wenye nukta.

Wapo watakaosema wao wasingeweka sahihi. Waseme. Kusema ni rahisi kwa asiyejua sauti ya mama yake akivuta pumzi kabla ya kukaa kwenye kiti. Mama Jeli aliisoma karatasi mara mbili, akasaini, na herufi zake zilitoka nzuri kuliko siku zote, jambo ambalo lilimchukiza hadi akatamani kuivunja kalamu yake.

"Umefanya la busara," Mkuu alisema. Mama Jeli aliondoka, akaenda chooni, akanawa mikono mpaka muuguzi akagonga mlango kuuliza kama kuna mtu.

Alirudi nyumbani mchana. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, akimshonea fundi vifungo vya mashati ya wanafunzi. Siku hizi alishona akiwa amesimama. Mama Jeli akavuta stuli, akakaa.

"Mama, nina neno."

"Sema. Vifungo havinizibi masikio."

Akasema yote, kuanzia chupa mpaka sahihi. Hakujipunguzia. Cherehani ya mumewe ilikuwa inalia mwanzoni, kisha ikanyamaza. Mama mdogo aliendelea kuchoma sindano, akazungusha uzi, akaukata kwa meno, akachukua kifungo kingine.

"Nilikuambia panaungua chini," alisema mwishoni.

"Uliniambia."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba ni kawaida."

"Nikamwambia na yule Sista wa pale. Akaniambia nijifunze kujiosha vizuri. Mbele ya wenzangu kwenye benchi." Aliweka shati chini. "Nimepikia watoto mia sita kila siku. Wakaguzi walikuwa wanapangusa sufuria zangu kwa kitambaa cheupe, wanaondoka na kitambaa cheupe. Mtu mzima, naambiwa sijui kujiosha. Nikasema sawa, yule hanijui. Wewe unanijua."

Mama Jeli alilia, na mama mdogo akamwacha alie bila kumgusa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia tangu utotoni.

"Kwa hiyo karatasi inasema mimi ndiye niliyeharibu," mama mdogo aliendelea. Sauti yake haikupanda, ila aliibana mikono chini ya kwapa. "Wanawake thelathini wanaungua chini na kuoza juu, hawaambiwi, kwa sababu kuna bibi mmoja alifungua friji."

"Hawakutajwa, mama. Karatasi haisemi—"

"Najua isichosema. Wamemaliza wangapi?"

"Tisa."

"Wakaambiwa wamepona."

"Wakaambiwa wamemaliza."

"Mgonjwa hajui tofauti ya hayo mawili. Na wakiambiwa ukweli leo, wanaweza kurudiwa?"

"Wengi wanaweza. Bado ni mapema. Wakikaa miezi, hapana."

Fundi aliinuka kwenye cherehani yake. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini sasa alizungumza taratibu kama mtu anayebeba glasi iliyojaa. "Mama, tuseme lote. Jambo hili likitoka nje, wanaweza kukufutia zile za kuongeza. Na huyu mke wangu atafukuzwa kwa ile ile karatasi aliyosaini. Sisemi usifanye kitu. Nasema ujue."

"Najua, baba. Ndiyo maana kesho nakwenda kuchukua changu kwanza." Mama mdogo akaokota shati tena. "Mengine niachieni mimi. Na wewe futa kamasi, unamwagia mashati ya watu."

Ijumaa, Mama Jeli aliwasili kabla ya wafagiaji. Aliupima mrija mwenyewe, akalinganisha na kompyuta, akapima tena. Urefu ulikuwa sahihi. Mkuu alikuwa amefanya kazi nzuri, kazi ya dakika mbili ambayo wanawake thelathini na mmoja waliikosa kwa wiki sita.

Mama mdogo aliingia wa kwanza. Alipotoka, miguu ikiwa imeachana na uso umekuwa wa majivu, alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la kadi.

"Daktari ameniongezea mbili, niandikie tarehe."

Karani akapekua, akazikuta, akaandika.

"Gonga na muhuri."

"Hizi hatugongi muhuri, mama."

"Gonga tu, mwanangu. Wino hauumi."

Karani akagonga. Mama mdogo akaipuliza kadi ikauke, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya nguo. Ndipo akageuka kuelekea kwenye mabenchi. Wagonjwa sita wa siku hiyo walikuwa wanangoja zamu, na ndugu zao, na wengine waliokuja kuonwa na daktari baada ya kumaliza. Sista akamwambia aende nyumbani akapumzike.

"Nitapumzikia hapa," mama mdogo alisema, akakaa kwa tako moja.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuwatuliza watoto mia sita wenye njaa, haikuhitaji kupazwa. Aliwaeleza kama anavyoelezea mapishi, kitu kwa kitu. Mirija ilibadilishwa wiki sita zilizopita. Ilikuwa mirefu kwa hivi, akaonyesha kidole gumba. Haikupimwa. Dawa ikasimama njiani. Imerekebishwa jana, kimya kimya, wa leo msiogope. Kisha akauliza, "Nani mwingine anaungua chini?"

Swali lile halijibiwi mbele ya watu. Kisha mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa cha kijani aliinua mkono nusu, usawa wa bega. Mwingine akasema, bila kumtazama mtu, kwamba yeye alidhani ni mumewe ndiye amemletea maradhi, na wamegombana mwezi mzima. Mkono wa tatu ukainuka. Sista, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha macho kwenye faili alilolishika kichwa chini.

Mkuu wa Kitengo alitoka ofisini kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima moto mdogo.

"Mama, una maumivu, dawa uliyopewa bado iko mwilini. Twende ukapumzike."

"Nilipewa dawa ya maumivu. Sikupewa ya kusahau."

"Yaliyopita si ndwele, mama yangu, tu—"

"Yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe," mama mdogo alisema. "Tumekaa nayo hapa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaacha. Mkuu akainua kichwa, akawatafuta wengine wa kuzungumza nao, akamwona Mama Jeli amesimama kwenye mlango wa chumba cha mashine.

"Ndugu zangu, huyu hapa ndiye mpimaji wetu. Yeye mwenyewe amekiri kwa maandishi kwamba kipimo kile kiliharibika. Nyumbani kwake, kwa uzembe wake. Mama yake hana habari hiyo. Mweleze," alimwambia. "Sahihi ni yako."

Mabenchi yote yakageuka. Mama mdogo naye akageuka, na machoni mwake hapakuwa na ombi lolote. Kadi yake ilikuwa imeshagongwa muhuri. Sahihi ilikuwa ya binti yake, haikuwa yake, na jambo hilo alikuwa amemwachia mwenyewe.

"Sahihi ni yangu," Mama Jeli alisema. "Nimedanganya. Jeli haikuharibika." "Nilisaini ili mama yangu aongezewe mara mbili. Nanyi mnadai vile vile. Majina yenu ninayo, yako thelathini na moja."

"Umejifukuza kazi," Mkuu alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo. Lakini majina ninayo."

Kwenye benchi la mwisho alikuwa amekaa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, amevaa nguo ya kutokea, mfuko wa karatasi mapajani. Alikuwa amemaliza wiki mbili zilizopita. Siku hiyo alikuja kuonwa na daktari, na ndani ya mfuko kulikuwa na kitambaa alichowanunulia wauguzi kuwashukuru. Aliinuka, akapita katikati ya magoti ya watu akiomba radhi kwa kila goti, akamfikia Mama Jeli.

"Mimi nilianza mwezi uliopita, tarehe tatu," alisema. "Nikamaliza tarehe ishirini na nne. Zangu zilikwenda wapi?"

Mama Jeli alizijua tarehe hizo. Alitamani mwanamke huyu aendelee kuuliza, aseme lolote, ili jibu lichelewe. Mwalimu hakuuliza tena. Alisubiri kama anavyowasubiri watoto wake ubaoni.

"Chini," Mama Jeli alisema. "Zote nne."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyesahihishiwa hesabu. Alishika ukuta kwa mkono mmoja. Watu walidhani ataanguka, na mama mdogo akaanza kujiinua kwenye benchi ili amdake. Hakuanguka. Alifungua mkoba wake, akatoa kadi, akaikunjua, akaenda kumshikia Mkuu wa Kitengo mbele ya kifua, neno AMEMALIZA likimtazama.

"Futa hili," alisema. "Andika lililotokea."

"Mama, kuna utaratibu, kuna kamati, siwezi kusimama hapa koridoni nika—"

"Futa."

Nyuma yake mwanamke wa kitambaa cha kijani alikuwa ameshasimama, kadi mkononi, na nyuma ya huyo mwingine, wakipangana wenyewe bila kuambiwa. Mkuu alijipapasa mifuko ya suruali, mmoja baada ya mwingine, akasema hana kalamu. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, kifuani, na wanawake wote walikuwa wanaiona.